Ramani nyeupe ina wenyewe

Heligoland ni kisiwa kidogo katika Bahari ya Kaskazini, mwamba mwekundu usiofika kilomita mbili za mraba, mbele ya pwani ya Ujerumani. Sisi tuliosoma historia sekondari tunalijua jina lake kwa sababu ya mkataba wa Julai 1, 1890. Uingereza iliwapa Wajerumani kisiwa hicho, na Ujerumani ikaondoa mkono wake Witu na kukubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Waingereza. Tarehe tulikaririshwa. Kitu ambacho sikumbuki kufundishwa ni kwamba kabla ya kuwa cha Waingereza, Heligoland kilikuwa cha Denmark, na kwamba kilibadilisha mikono mwaka 1814 huko Kiel, kwenye mapatano yaleyale yaliyoamua Greenland ibaki na nani.

Denmark ilikuwa imesimama upande wa Napoleon na ikashindwa pamoja naye. Ikanyang'anywa Norway, ambayo alipewa mfalme wa Uswidi. Heligoland ikaenda London. Greenland, Iceland na visiwa vya Faroe, ambavyo kwa asili vilihesabiwa kuwa mali ya taji la Norway, vikaachiwa Copenhagen. Hakukuwa na Muinuiti, mwenyeji wa Greenland, hata mmoja katika chumba kile cha Kiel. Miaka 76 baadaye, mkataba wa pili ulipotiwa saini Berlin, hakukuwa na mvuvi wa Heligoland wala mkulima wa Unguja, na ukanda wetu wa pwani ukakadiriwa thamani ya maki milioni 4 za Kijerumani, fidia aliyolipwa Sultani.

Ndiyo maana mwaka 2019 Rais wa Marekani aliposema anataka kuinunua Greenland, na mwaka 2025 alipolirudia jambo hilo kwa ukali zaidi na kukataa kuahidi kwamba hatatumia nguvu, mimi sikuweza kulisikia kama kioja cha habari za kimataifa. Nililisikia kwa masikio ya mtu wa pwani. Wachambuzi wengi waliliandika kama mchezo wa bao kati ya Washington, Copenhagen, Moscow na Beijing, wakahesabu kete, wakachora njia za meli. Katika makala nyingi nilizosoma wenye nchi walitokea aya ya mwisho, ikiwa walitokea. Kaskazini ya barafu imepakwa rangi nyeupe kwenye ramani, na nyeupe hiyo tumezoea kuisoma kama utupu.

Wapo watu. Greenland ina wakazi kama 57,000 hivi, wengi wao Wainuiti, wanaoishi pembezoni mwa barafu katika miji na vijiji ambavyo havijaunganishwa na barabara hata moja. Kutoka mji hadi mji ni kwa boti, ndege, helikopta, au kigari cha kuteleza kinachovutwa na mbwa. Kando yao, kutoka Alaska hadi Siberia, kuna Waaleuti, Wagwich'in, Waathabaska, Wasaami, Wanenets na wengine wengi.

Na watu hao wana kumbukumbu ndefu kama yetu. Mwaka 1933 Norway na Denmark zilipelekana katika mahakama ya kimataifa ya The Hague kugombania mashariki ya Greenland. Denmark ikashinda. Ni hukumu maarufu, wanafunzi wa sheria wanaisoma mpaka leo, na ndani yake pande mbili zinazosikilizwa ni falme mbili za Ulaya. Mwaka 1946 Marekani ilitoa ofa ya dola milioni 100 za dhahabu. Denmark ikakataa, lakini mwaka 1951 ikasaini makubaliano ya ulinzi yaliyowapa Wamarekani nafasi ya kujenga kambi kubwa ya anga Thule, kaskazini magharibi.

Mahali pale palikuwa na kijiji. Palikuwa na makaburi, na bahari ya kuwindia sili na nyangumi ambayo watu waliijua mkondo kwa mkondo. Mei 1953 familia za wawindaji, zaidi ya watu 100, ziliambiwa ziondoke, na zikapewa siku chache tu za kufungasha. Walisafiri na mbwa wao zaidi ya kilomita 100 kuelekea kaskazini, mahali panapoitwa Qaanaaq, ambako nyumba zilikuwa bado hazijajengwa. Walikaa kwenye mahema kiangazi chote. Kiangazi cha kule si cha kulala hemani na watoto. Kwa miaka mingi serikali ilisisitiza kwamba walihama kwa hiari yao. Mwaka 1999 mahakama ya Denmark ilitamka kwamba walihamishwa, ikaipa jamii nzima fidia ya kroni 500,000 na kiasi kidogo kwa mmoja mmoja. Wakakata rufaa kudai nchi yao. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu iliithibitisha fidia, lakini haki ya kurudi hawakupata.

Kati ya matukio hayo, Januari 21, 1968, ndege ya kivita ya Marekani aina ya B-52 iliyobeba mabomu manne ya haidrojeni ilianguka juu ya barafu ya bahari karibu na kambi hiyo. Mabomu hayakulipuka kinyuklia, lakini sumu ya plutoniamu ilisambaa. Denmark ilikuwa imewatangazia wananchi wake kuwa haitaki silaha za nyuklia katika ardhi yake. Mwaka 1995 ilijulikana kwamba waziri mkuu wa mwaka 1957 alikuwa amewapa Wamarekani ruhusa ya kimyakimya kwa upande wa Greenland. Sera ilikuwa ya Copenhagen, hatari ikawa ya Qaanaaq.

Nayasema haya kwa kirefu kwa sababu mjadala wa sasa unapenda kuonyesha Denmark kama mlinzi mwema na Marekani kama mnunuzi mkorofi. Mnunuzi ni mkorofi kweli. Lakini mlinzi naye ana deni. Kuanzia miaka ya 1960 maelfu ya wanawake na wasichana wa Kigreenland waliwekewa vitanzi vya uzazi, wengi bila kuulizwa na wengine wakiwa bado watoto wa shule. Serikali ya Denmark iliomba radhi Agosti 2025. Watu waliofanyiwa hivyo na mtawala mmoja hawana sababu ya kukimbilia kwa mwingine, na wamelisema wazi. Kura ya maoni iliyochapishwa na magazeti ya Denmark na Greenland Januari 2025 ilikuta asilimia 85 hawataki kuwa sehemu ya Marekani. Machi mwaka huohuo wakapiga kura na kukipa ushindi chama kinachotaka uhuru, lakini kwa hatua za taratibu, si kwa kuburutwa na mtu.

Hapa ndipo Greenland ya leo inapoachana na Zanzibar ya 1890. Wana bunge lao tangu 1979. Mwaka 2008 robo tatu ya wapiga kura walikubali mamlaka mapana zaidi ya kujitawala, na sheria iliyoanza kutumika Juni 2009 inawatambua kuwa ni watu kamili mbele ya sheria za kimataifa, wenye haki ya kuchagua uhuru siku wakiamua. Madini ya ardhini ni yao. Na wameshaonyesha kwamba wanajua kusema hapana. Juu ya mji mdogo wa Narsaq, kusini, kuna mlima uitwao Kuannersuit wenye moja ya akiba kubwa za madini adimu duniani, yale yanayoingia kwenye mota za magari ya umeme na kwenye makombora. Madini hayo yamechanganyika na urani. Uchaguzi wa Aprili 2021 ulitawaliwa na mlima huo: vumbi lake litaangukia wapi, kondoo watakula nini, samaki wa ghuba watakuwaje. Chama kilichoupinga mradi kikashinda, na kabla mwaka kwisha bunge likapiga marufuku uchimbaji wenye urani juu ya kiwango fulani. Kampuni ikawapeleka kwenye usuluhishi ikidai fidia ya mabilioni ya dola. Nchi yenye watu wachache kuliko wilaya zetu nyingi ilikataa pesa ambayo serikali nyingi zingeikimbilia.

Turudi kwenye barafu yenyewe, maana ndiyo iliyowaita wageni wote hawa.

Tangu 1979 eneo la Aktiki, yaani kaskazini yote inayozunguka ncha ya dunia, limepata joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia. Sababu moja ni rahisi kuielewa kwa yeyote aliyewahi kuvaa shati jeusi juani. Barafu nyeupe inarudisha mwanga wa jua angani, bahari nyeusi inaumeza. Barafu ikipungua, bahari inameza joto zaidi, na joto hilo linapunguza barafu tena. Septemba 2012 barafu ya bahari ilishuka hadi kilomita za mraba milioni 3.4 hivi, karibu nusu ya ilivyokuwa kawaida miaka ya 1980. Juni 20, 2020, mji wa Verkhoyansk huko Siberia, unaosifika kwa baridi kali kuliko karibu mahali pote wanapoishi watu, ulipima nyuzi 38. Hilo ni joto la Lodwar.

Lakini takwimu hazionyeshi kifo kinavyokuja. Kwenye rasi ya Yamal, Urusi, Wanenets wanachunga reindia, wanyama wa jamii ya kulungu wanaofugwa kule kama Warendile wanavyofuga ngamia. Majira ya baridi mnyama huyu anafukua theluji kwa kwato na kula mimea midogo iliyo chini yake. Novemba 2013 ilinyesha mvua. Mvua, si theluji. Kisha baridi ikarudi, maji yakaganda juu ya theluji na kuwa kama sakafu ya kioo. Wanyama waligonga kwa kwato mpaka wakachoka. Kiasi cha reindia 61,000 walikufa njaa, malisho yakiwa chini yao. Mfugaji wa Marsabit aliyezika mifugo kwa ukame hahitaji kutafsiriwa habari hii. Kule chakula kilifungwa ndani ya barafu, huku hakikuota, lakini mchungaji anarudi nyumbani na fimbo mkononi, hana anachochunga.

Na sasa jambo linalotugusa moja kwa moja, ambalo naona halisemwi vya kutosha katika lugha yetu. Barafu ya Greenland ikiyeyuka, bahari inayoizunguka Greenland inashuka. Inapanda kwetu.

Ile barafu ni mlima wenye unene unaofika kilomita tatu. Uzito wake ni mkubwa kiasi kwamba unayavuta maji ya bahari yasogee upande wake, kama mwezi unavyoyavuta siku za bamvua. Barafu ikipungua, mvuto unalegea. Maji yaliyokuwa yamekusanyika kule yanaachiliwa na kwenda kujaa mbali, na ardhi ya Greenland, ikiwa imepunguziwa mzigo, inainuka kidogo. Kwa hiyo mtu wa Nuuk, mji mkuu wa Greenland, ataona ufukwe unaongezeka, na mtu wa Lamu, Pangani au Kilwa atapata zaidi ya fungu lake la wastani wa dunia. Greenland inapoteza zaidi ya tani bilioni 200 za barafu kwa mwaka. Ikiyeyuka yote, jambo la karne nyingi, bahari za dunia zitapanda zaidi ya mita 7.

Sitaki kudanganya mtu. Ufukwe wetu unaliwa pia na uchimbaji wa mchanga, ukataji wa mikoko na ujenzi wa hoteli ndani ya mita ambazo sheria inakataza. Si kila ukuta uliojengwa baharini, pale chini ya Fort Jesus au kando ya Barabara ya Barack Obama Dar es Salaam, ni kazi ya Greenland. Lakini nenda Pemba, kwenye mabonde ya mpunga yaliyoingiwa na maji chumvi. Udongo ukikauka unaacha utando mweupe juu, ukiugusa kwa kidole na kuonja ni chumvi. Mkulima wa bonde hilo hajawahi kuona barafu zaidi ya ile ya kwenye kopo la samaki. Sehemu ya maji yanayomfukuza ilikuwa barafu ya Greenland.

Kuhusu utajiri unaosemwa uko kule, nitakuwa mfupi. Wapimaji wa Marekani walikadiria mwaka 2008 kuwa asilimia 13 ya mafuta na asilimia 30 ya gesi ambayo dunia haijaigundua iko Aktiki. Urusi ilitaka njia yake ya bahari ya kaskazini ibebe tani milioni 80 za mizigo ifikapo 2024. Ilibeba chini ya milioni 38, na sehemu kubwa ilikuwa gesi na mafuta ya Urusi yenyewe yakipelekwa sokoni. Suez haina cha kuogopa kwa sasa. Barafu inayoyeyuka haifanyi bahari kuwa barabara, inafanya kuwa bahari yenye vipande vinavyoelea, ukungu na bandari za uokoaji zilizo mbali. Naamini wachimbaji na wenye meli wanapiga debe kuliko mzigo walionao.

Silaha ndizo zisizo za maneno. Nyambizi za nyuklia za Urusi ziko rasi ya Kola, jirani na mpaka wa Norway. Finland imeingia NATO Aprili 2023, Uswidi Machi 2024, na sasa nchi saba kati ya nane za Aktiki ziko katika umoja mmoja wa kijeshi na ya nane iko peke yake. Oktoba 1987 Gorbachev, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, alisimama Murmansk na kusema kaskazini iwe eneo la amani. Kutokana na moyo ule lilizaliwa Baraza la Aktiki, Ottawa, Septemba 1996, na baraza hilo ndilo ninalotaka tulitazame kwa makini, kwa sababu lina kitu ambacho sikioni penginepo duniani.

Nchi wanachama ni nane: Kanada, Denmark pamoja na Greenland na Faroe, Finland, Iceland, Norway, Urusi, Uswidi na Marekani. Lakini kwenye meza ileile, si kwenye viti vya nyuma vya wageni, wanakaa wawakilishi wa jumuiya sita za wenyeji: Wainuiti, Wasaami, Waaleuti, Wagwich'in, Waathabaska na wenyeji wa kaskazini ya Urusi. Wanaitwa Washiriki wa Kudumu. Hawapigi kura ya mwisho, maamuzi ni ya nchi nane kwa kauli moja, lakini ni lazima washauriwe kikamilifu kabla ya uamuzi. Jaribu kufikiria baraza la nchi za Maziwa Makuu ambamo Wabatwa wanakaa sambamba na mawaziri wa mambo ya nje, wakiwa na bendera yao mezani na haki ya kuzungumza kila ajenda inapofunguliwa. Hatuna.

Na si pambo tu. Mwaka 2013 baraza lilijadili ombi la Umoja wa Ulaya la kupewa kiti cha uangalizi. Umoja huo ulikuwa umepiga marufuku biashara ya bidhaa za sili mwaka 2009, marufuku iliyoua soko la ngozi kwa wawindaji wa Kiinuiti hata pale sheria iliposema wao wamesamehewa. Kanada ikaliweka suala hilo mezani na ombi likakwama. Umoja wa watu mamia ya milioni ulisimamishwa na ngozi ya sili.

Baraza hilo lilizaa mikataba ya uokoaji baharini mwaka 2011, ya umwagikaji wa mafuta mwaka 2013 na ya ushirikiano wa kisayansi mwaka 2017. Haliruhusiwi kugusa masuala ya kijeshi, na hilo lililolinda uhai wake kwa miaka mingi ndilo lililoliacha bila kinga Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022. Machi 3 nchi saba zikasimamisha ushiriki wao, Urusi ikiwa mwenyekiti. Nilielewa hasira yao, na bado naielewa. Lakini zaidi ya nusu ya pwani ya Bahari ya Aktiki ni ya Urusi, na sehemu kubwa ya ardhi iliyoganda mwaka mzima, ile iliyohifadhi mabaki ya mimea ya maelfu ya miaka ambayo ikiyeyuka huoza na kutoa gesi za kuongeza joto, iko Siberia. Vipimo kutoka vituo vya kule viliacha kuwafikia wanasayansi wa nchi nyingine. Mei 2020, karibu na Norilsk, tangi la dizeli lilipasuka na tani 21,000 zikamwagika, nyingi zikaingia mtoni, ardhi iliyolegea chini ya tangi ikitajwa miongoni mwa sababu. Ardhi ya namna hiyo ndiyo dunia sasa inaitazama kwa jicho moja.

Wenyeji nao walipasuliwa. Jumuiya ya wenyeji wa kaskazini ya Urusi ilikuwa imeshatiwa mkononi na serikali miaka kumi kabla, viongozi wake waliokuwa na msimamo wakasukumwa kando, na vita vilipoanza uongozi mpya ukaviunga mkono hadharani. Baraza la Wasaami likasitisha uhusiano na tawi lake la Kola, watu wa kabila moja na ndugu wa damu. Kiti mezani hakitoshi kama anayekikalia anachaguliwa na serikali yake.

Hata hivyo kamba haikukatika. Norway ilipokea uenyekiti Mei 2023 na kazi za vikundi vya wataalamu zikarudishwa kidogokidogo, nyingi kwa maandishi. Mei 2025 ukafika ufalme wa Denmark, na aliyekaa kwenye kiti cha mwenyekiti alikuwa Vivian Motzfeldt, wakati huo waziri wa mambo ya nje wa Greenland. Nilipoona hilo nilirudi kufikiria chumba cha Kiel.

Kuna mkataba mwingine ambao naupenda kuliko yote. Katikati ya Bahari ya Aktiki, nje ya mipaka ya nchi yoyote, kuna eneo la kilomita za mraba milioni 2.8 ambalo lilikuwa barafu tupu na sasa linafunguka majira ya joto. Oktoba 2018, mjini Ilulissat, Greenland, pande kumi zilikubaliana kutovua humo kibiashara kwa miaka 16 ya kuanzia, mpaka sayansi ijue kuna nini chini. Marekani imo. Urusi imo. China, Japani, Korea Kusini na Umoja wa Ulaya wamo. Ulianza kutumika Juni 2021 na vita havikuuvunja. Wakubwa walikubali kutogusa kabla hawajaharibu. Sisi tunaotazama meli za kigeni zikisomba jodari kwenye maji yetu tunajua uzito wa hilo.

Lakini nisiwapake mafuta watu wa kaskazini. Oktoba 11, 2021, Mahakama ya Juu ya Norway iliamua kwamba vibali vya mashamba mawili ya umeme wa upepo huko Fosen vilikiuka haki za Wasaami, kwa sababu mitambo 151 ilijengwa kwenye malisho ya majira ya baridi ya reindia. Siku nane baadaye, Oktoba 19, mahakama ya mazingira na ardhi ya Meru ikaamua kwamba hati za ekari 150,000 za mradi wa upepo wa Ziwa Turkana zilipatikana kinyume cha sheria, bila kuwashirikisha Wasamburu, Warendile, Waturkana na wengine wanaochunga pale. Mitambo ya kote kuwili ilitengenezwa na kampuni ileile ya Denmark, Vestas. Mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Norway ulikuwa miongoni mwa wenye hisa wa mradi wa Turkana. Na kote kuwili mitambo iliendelea kuzunguka baada ya hukumu. Fosen, siku 500 baadaye, vijana wa Kisaami walilala ndani ya wizara Oslo wakiwa wamevaa mavazi ya jadi, wakabebwa na polisi mmoja mmoja, ndipo mazungumzo ya kweli yakaanza na maridhiano yakapatikana.

Umeme wa upepo ninauunga mkono kwa moyo wote, mtu wa pwani hawezi kufanya vinginevyo. Ninachokataa ni malisho kuitwa nyika tupu. Neno lililotumika Laisamis, kwenye mradi wa Turkana, ni lilelile lililotumika Fosen na Thule.

Ndiyo sababu nasema Afrika Mashariki iombe kiti cha uangalizi katika Baraza la Aktiki. Zipo nchi 13 za nje zenye kiti hicho, na hakuna hata moja ya Afrika. Singapore, kisiwa kilichokaa karibu na mstari wa Ikweta kuliko Mombasa, ilikipata mwaka 2013 huko Kiruna, Uswidi, pamoja na India na China. Ilijieleza kwa mambo mawili: bahari inapanda na sisi ni kisiwa, meli zikibadili njia na sisi ni bandari. Ni sababu gani kati ya hizo haipo Dar es Salaam, Mombasa au Unguja? Tena Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri, Nairobi, ni mwangalizi katika baraza hilo. Kutoka Gigiri hadi wizara ya mambo ya nje ya Kenya ni mwendo wa matatu moja.

Mwangalizi hapigi kura. Anakaa, anasikiliza, anatuma wataalamu kwenye vikundi vya kazi, na masharti ya kumpokea yanamtaka aheshimu utamaduni na maslahi ya wenyeji. Sharti hilo kwetu lisiwe mzigo. Wanasayansi wetu wa bahari wa Zanzibar na Mombasa wapate vipimo vya Greenland kutoka kwa wanaovichukua, siyo miaka mitatu baadaye kwenye ripoti ya mtu mwingine. Na siku ya kwanza mjumbe wetu aseme kwamba Greenland si ya kuuzwa wala ya kupewa mtu, na kwamba anasema hivyo akitoka kwenye visiwa vilivyowahi kuwekwa mizani moja na Heligoland.

Waangalizi wapya hupokewa nchi nane zikikubaliana kwa kauli moja, na kwa hali ilivyo kati ya Moscow na wengine kauli hiyo haitapatikana kwa urahisi. Uenyekiti wa Denmark unakwisha mwaka 2027, na zamu inayofuata ni ya Uswidi. Maombi yanachukua muda kuandaliwa. Barua ya Afrika Mashariki, ikiwa itaandikwa, ni bora ifike mezani wakati anayeifungua bado ni Mgreenland.